Rafiki Yangu Aliiba Siku Niliyofungua Kambi

Nina miaka arobaini na sita. Mimi ni Mkongomani wa Kivu, baba wa watoto watatu, na ninaishi Minto, kusini-magharibi mwa jiji la Sydney. Kazi yangu ni ya ghalani, napanga makasha kwenye mapaleti ya mbao. Mke wangu anaitwa Zawadi. Jina langu mimi naomba mniruhusu nilifiche. Huku watu wananiita Papa Grace, kwa jina la binti yetu wa kwanza, na hilo linatosha.

Ndugu wasomaji, nimesoma mikasa yenu mingi. Nimesoma ya walioachwa, ya waliotapeliwa, ya waliogeukwa na watu wao wa karibu... Kila mara nilijiambia kwamba wangu siwezi kuuandika, kwa sababu mtu anayelalamika kwamba amesalitiwa anatakiwa awe msafi. Mimi si msafi. Lakini nimechoka kubeba jambo hili. Someni, kisha mnihukumu mtakavyo.

Tulipofika Australia, mtu wa kwanza kutusemesha Kiswahili alikuwa Deo. Alikuwa ametutangulia kwa miaka minne, akikaa Seven Hills. Ni Deo aliyetufundisha kupanda treni, aliyetuonyesha duka la unga wa muhogo na sombe, yaani kisamvu, aliyetusomea barua za serikali. Grace alipolazwa kwa pumu, Deo alikaa nami hospitalini kutwa nzima akinitafsiria maneno ya daktari. Alikuwa mwinjilisti wa kikundi chetu cha maombi, mtu wa sauti ya chini na macho yanayosikiliza. Sikuwa na ndugu wa tumbo moja nchi hii. Nilimfanya yeye kuwa ndugu.

Lakini kulikuwa na kitu ambacho Deo hakukijua, wala mtu yeyote wa jumuiya yetu. Nilikuwa askari.

Maofisa walionihoji kabla ya kuletwa huku niliwaeleza, na Zawadi alijua kwamba niliwahi kuvaa magwanda. Aliniuliza mara moja au mbili yaliyonipata huko, nikamjibu kwamba vita ni vita, akaacha. Kwa wengine wote nilikuwa fundi baiskeli wa Uvira, basi. Mtanielewa mkijua kwamba katika kikundi chetu kuna kina mama ambao hata leo wakimwona mlinzi wa dukani amevaa buti nyeusi wanageuza njia. Waliowaua waume zao walivaa magwanda. Ningesimamaje mbele yao niseme na mimi niliyavaa?

Kisha ikaja korona, na katika mwaka wake wa pili ikaja lokdauni iliyobana mitaa yetu kuliko mingine. Kutoka nje kwa sababu maalumu tu. Barakoa hata barabarani. Helikopta ya polisi ikizunguka juu ya mapaa. Vijana wa jeshi la nchi hii walitumwa kuwasaidia polisi, wakipita nyumba hadi nyumba kuangalia kama waliotakiwa kujitenga wamo ndani, na kama kuna anayehitaji chakula.

Mwenzangu mmoja kazini akapatikana na virusi. Wote tuliofanya naye shifti tukaambiwa tujifungie nyumbani siku kumi na nne.

Siku ya tano, saa nne asubuhi, mlango ukagongwa. Grace alichungulia dirishani, akasema kwa Kiingereza kwamba kuna askari nje. Watoto wetu Kiswahili wanakisikia, ila kujibu wanajibu kwa Kiingereza.

Zawadi alinisimulia baadaye kwamba yule askari alikuwa kijana mdogo, mpole, ameshika karatasi, na aliuliza kama tuna maziwa ya watoto. Mimi sikusikia neno hata moja. Nilikuwa bafuni, nimekaa sakafuni nyuma ya mlango, nimekumbatia magoti, shati limeloa jasho. Polisi aliyefuatana naye alitaka kuwaona watu wote wa nyumba. Ilibidi Grace anifuate. Alinishika mkono, akaniinua, akanipeleka mlangoni kama mtu anayempeleka kipofu. Mtoto wa miaka kumi na minne! Hakuniuliza kitu. Alinitazama tu, na ule mtazamo wake uliniumiza kuliko hofu yenyewe.

Mchana ule nilimpigia Deo. Nilimwambia nimeona askari na moyo umenikimbia. Akauliza polepole, "Ulikuwa nani kule, ndugu yangu?"

Kwa nini sikumwambia mke wangu kwanza? Nimejiuliza hilo mara nyingi. Labda kwa sababu Deo alikuwa mbali, sauti tu kwenye simu. Mke ukimwambia, kesho atakutazama mezani wakati unakula.

Deo alinishauri nisiseme yote kwa mkupuo. Nimtumie sauti kwa WhatsApp, kidogo kidogo, kila ninapopata nguvu. Nikawa natoka na kukaa ndani ya gari letu, hapo hapo uani, vioo nimepandisha, nazungumza na simu. Ilinichukua siku sita. Nilimweleza hivi.

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Nilikuwa nimechukuliwa jeshini mwaka mmoja kabla. Kikosi chetu kilitumwa milimani, kwenye machimbo ambako kundi la waasi lilikuwa limefungia watu. Walikamata vijiji vizima, baba, mama na watoto, wakawaweka ndani ya kambi wachimbe mawe na kubeba mizigo. Aliyeshindwa kazi hakupewa chakula. Tulitembea siku mbili. Tulipofika, walinzi walikuwa wamekimbia alfajiri ile ile.

Kambi ilizungushiwa mianzi na nyaya za miiba. Lango lilifungwa kwa mnyororo wa baiskeli. Kamanda aliniita mimi, fundi baiskeli, nikaukata.

Wasomaji, nilidhani watatoka mbio. Nilidhani wataimba, watatukumbatia... Hakuna aliyesimama! Walikuwa wamekaa uwanjani kwenye mistari, mamia ya watu, wanatazama chini. Tuliwaambia mko huru, tokeni. Hawakusogea. Mzee mmoja, mifupa mitupu, aliinua kidole kama mwanafunzi darasani, akauliza leo nani atawahesabu.

Kumbe kila asubuhi walihesabiwa kabla ya kuruhusiwa kusimama, na aliyesimama kabla ya zamu yake alipigwa mpaka asiweze kusimama tena. Karibu saa nzima tuliwapigia kelele za bure. Mwishowe kamanda alielewa, akaniamuru niwahesabu. Nikapita mstari kwa mstari, namgusa kila mmoja begani. Niliyemgusa alisimama. Mabega yenyewe yalikuwa kama vipini vya jembe. Nilikuwa nalia huku nahesabu, nikipoteza hesabu, nikianza tena.

Nyuma, kwenye vibanda, walikuwemo wasioweza kusimama kabisa. Harufu ya humo sitawaelezea. Amri ilikuwa tuondoke kabla ya adhuhuri, kwa sababu waasi walikuwa wanajikusanya ng'ambo ya mto. Wanaoweza kutembea tuondoke nao. Wengine watafuatwa kesho yake kwa lori.

Katika kibanda cha pili alilala mama mmoja, miguu imevimba na kuoza. Binti yake wa miaka kama tisa alikuwa ameng'ang'ania nguzo, hatoki. Nilichuchumaa mbele ya yule mtoto nikamwapia, kwa jina la mama yangu mzazi, kwamba kesho nitarudi mimi mwenyewe na lori nimchukue mama yake. Mtoto akaniamini. Akaiachia nguzo.

Lori halikuja. Barabara ilikuwa imekatwa. Nilimwendea kamanda mara ya kwanza, nikamwendea mara ya pili. Mara ya tatu nilipigwa kwa kitako cha bunduki. Siku ya nne tukapelekwa mbali kabisa kusini, kando ya ziwa. Sikurudi... Wiki mbili baadaye nilitoroka jeshi, nikavuka ziwa kwenda Tanzania. Tangu hapo sijawahi kumwapia mtu kitu chochote, hata watoto wangu.

Hayo ndiyo niliyompa Deo. Alinijibu naye kwa sauti za WhatsApp, analia, wasomaji. Nilisikia pua yake. Aliniombea, akanihakikishia kwamba maneno yangu yamezikwa kifuani mwake. Na mimi, kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi, nilijisikia mwepesi. Nilianza kula vizuri. Zawadi akafurahi, hakujua sababu.

Wiki tatu zikapita.

Jumapili moja tulikuwa na ibada kwa Zoom, kama ilivyokuwa kipindi kile chote. Mimi na Zawadi tumekaa kwenye kochi, kompyuta iko juu ya stuli. Deo alisema Bwana amemlazimisha kutoa ushuhuda ambao ameuficha maisha yake yote. Akavuta pumzi. Akasema, "Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na miwili, na nilikuwa askari."

Nilidhani nimesikia vibaya. Akaendelea. Mianzi. Mnyororo wa baiskeli. Watu kwenye mistari. Yule mzee aliyeuliza nani atawahesabu. Mtoto aliyeng'ang'ania nguzo. Mabega kama vipini vya jembe! Hata hilo alilichukua... Alisema kwa sauti yake ile ya chini, akitua pale pale nilipokuwa nimetua mimi kwenye zile sauti nilizomtumia, akilia pale pale nilipolia.

Ila mwisho aliubadilisha. Mwisho wake yeye, alirudi. Kesho yake alirudi peke yake kwa miguu, akakuta wote vibandani wameshakufa, akawazika kwa mikono yake kando ya mto, akawawekea msalaba wa mwanzi.

Kwenye kioo nyuso zote zilikuwa zinafuta machozi. Wale kina mama niliokuwa nawaogopa, wale wanaogeuza njia wakiona buti, mmoja wao alifungua maikrofoni akasema, "Mwinjilisti, sisi tunakupokea. Wewe ni mtoto wetu." Zawadi pembeni yangu alikuwa analia pia. Alinishika goti akaniambia angalia mtu huyu alivyobeba mambo.

Mnaelewa nilichokipoteza siku ile? Zaidi ya miaka ishirini niliamini kwamba nikisema, nitatupwa. Kumbe wangenipokea. Yale maneno niliyokuwa nayatamani maisha yangu yote yalisemwa mbele yangu, akaambiwa mtu mwingine.

Nilimpigia Deo mchana huo huo. Hakukana. Aliniambia amefanya hivyo kunikinga, kwamba ushuhuda ulikuwa lazima utoke kwa sababu utawaponya watu, na mimi nisingeweza kuutoa. Nikamwambia hakuwa na haki. Hapo sauti yake ikabadilika. "Sema basi," akaniambia. "Uwaambie ni wewe. Uwaambie pia kwamba uliwaacha wale wagonjwa wafe. Kwenye mdomo wangu, angalau, walizikwa."

Nilikata simu. Nilinyamaza. Na huo, ndugu zangu, ndio mwanzo wa kosa langu mimi.

Deo akawa mtu mkubwa. Vikundi vya Wakongomani wa miji mingine vikamwalika kwenye mikutano ya kwenye kioo, Wakenya nao wakamwita, hata Warundi. Kila aliposimulia aliongeza kitu. Mara alimbeba mzee mgongoni. Mara aliimba nao wimbo. Mimi nilikuwa nimerudi ghalani, nafunga makasha kwa plastiki, na wenzangu wa Kiafrika wananiuliza kama nimemsikia yule mwinjilisti aliyefungua kambi.

Lokdauni ilipolegezwa, mwaka ukielekea mwisho, Deo akanipigia. Sauti ya furaha, kana kwamba hakuna lililotokea. Amepata simu kutoka kwa dada mmoja wa Villawood, anahudumia wazee, hakuwa mtu wa kikundi chetu. Alitumiwa ule ushuhuda na rafiki yake. Jina lake Mapendo.

Alikuwa ndiye yule mtoto wa kwenye nguzo.

Nilikaa chini pale pale kati ya mapaleti. Nilimwuliza Deo amemjibu nini. Akasema amemwambia alimzika mama yake kwa mikono yake, kando ya mto. Dada wa watu amefurahi sana, akasema anaandaa karamu, na sisi sote tumealikwa. Nilimwomba Deo amwambie ukweli. Nilimbembeleza. Akanijibu kwamba huyo mwanamke sasa ana amani, na mimi nataka kumnyang'anya kwa sababu ya wivu.

Nilikwenda kwenye ile karamu. Nilitaka kumwona tu. Nilimtambua kwa paji la uso... Mwanamke mzima, mrefu, amevaa kitenge cha kijani. Alimvalisha Deo shati alilomshonea. Alimletea binti yake mdogo anayeitwa Vumilia, jina la marehemu mama yake, akamwambia, "Huyu ndiye baba aliyemzika nyanya yako." Deo akamweka mtoto mapajani.

Mimi nilikuwa nimesimama mita tatu kutoka hapo, sahani ya fufu mkononi. Siku ile ningeweza kusema. Mdomo wangu ulikuwa na kazi moja tu, na haukuifanya. Nilimwogopa Zawadi aliyekuwa pembeni yangu. Niliwaogopa wale kina mama. Zaidi ya wote nilimwogopa Mapendo, kwa sababu Deo alikuwa amempa mama aliyezikwa, na mimi nilikuwa na mama aliyeachwa.

Wiki chache baadaye Zawadi alirudi kutoka kwenye maombi na habari. Mapendo alikuwa amempigia mjomba wake aliyebaki Kivu, kaka wa mama yake, aende kule milimani alitafute kaburi, aliwekee jiwe. Mapendo mwenyewe hakuweza kusafiri. Safari bado zilikuwa ngumu na kazini walikuwa hawana watu. Nilimpigia Deo nikamwambia amzuie, kule bado kuna watu wenye silaha na njia ni mbaya. Akasema mwache aende, hataona kitu, msitu umeshafunika, atarudi.

Nami nikamwacha aende. Nilihesabu siku, nikajiambia kesho nitamwambia Mapendo, kesho...

Mzee yule alipanda pikipiki ya kukodi, mvua inanyesha. Wakateleza kwenye ukingo. Dereva alitoka salama, mjomba alikaa chini ya bonde siku nzima mguu umebanwa na mwamba. Walipomfikisha hospitali madaktari waliukata mguu juu ya goti.

Aliukata nani, wasomaji? Deo na uongo wake? Au mimi na ukimya wangu?

Siku niliyosikia hiyo habari nilimkalisha Zawadi jikoni nikamwambia yote, tangu mnyororo wa baiskeli. Nilidhani atakasirika kwamba niliwaacha wale watu. Hakugusia hilo hata kidogo. Akasema, "Miaka kumi na minane niko na wewe. Nimekuuliza. Na ulipokuwa tayari kusema, ukaenda kumwambia Deo."

Yeye naye alikuwa amesalitiwa, na aliyemsaliti alikuwa mimi. Alilala chumba cha watoto kwa wiki mbili. Lakini kesho yake asubuhi alivaa viatu akasema, "Twende kwa yule dada. Hutakwenda peke yako, maana utageuka njiani."

Mapendo alitufungulia na sare zake za kazi, ametoka zamu, barakoa iko kidevuni. Macho yalikuwa yamevimba kwa ajili ya mjomba. Alitukaribisha chai. Nikamwambia sitakunywa kabla sijasema. Nikasema. Nilitazama meza muda wote.

Nilipomaliza hakulia. Alinitazama kama mtu anayepima kitambaa. Akauliza, "Papa Grace, kama ni wewe, yule mtoto alikuwa ameshika nini?"

Hilo sikuwa nimemwambia Deo. Halikuwa siri, halikunijia tu. "Kandambili," nikasema. "Moja. Ya mama yako. Ulikuwa umeikumbatia kifuani, na mkono mwingine uko kwenye nguzo."

Mapendo akaweka kikombe chini.

"Hukurudi?"

"Sikurudi."

"Hata siku moja?"

"Hata siku moja."

"Na lile kaburi?"

"Sijui kama lipo. Sijui nani alimzika, au kama alizikwa."

Akafunga macho. Na hapo ndipo nilipomwambia jambo ambalo sikumwambia Deo, sikumwambia Zawadi, na hata ninyi nimewaficha hapo juu. Nililificha kwa sababu lilionekana kama njia ya kujitetea. Kabla sijachuchumaa mbele ya yule mtoto, mama yake alinivuta suruali. Niliinama. Aliniambia sikioni, "Mudanganye, mwanangu. Mwambie utarudi kunichukua. Bila hivyo hataenda."

Yule mama alijua. Alijua kabla yangu kwamba lori halitakuja.

Mapendo alitoa sauti ambayo siwezi kuiandika. Zawadi alimwendea akamkumbatia. Baada ya muda Mapendo akaniambia, bila kunitazama, kwamba maisha yake yote ameishi akiamini yeye ndiye aliyeiachia nguzo, yeye ndiye aliyemwacha mama. Kisha akaniambia niondoke nyumbani kwake. Nikaondoka. Zawadi alibaki naye mpaka jioni.

Yaliyofuata yalikuwa mabaya. Mapendo aliwaita wazee wa kikundi. Deo alikuja, akakana yote, akasema nimeingiwa na pepo wa kijicho. Mimi sina maneno mengi mbele za watu. Nilitoa simu, nikawachezea zile sauti nilizomtumia, moja baada ya nyingine. Walisikia nikilia ndani ya gari. Walisikia mabega kama vipini vya jembe. Walimsikia na Deo mwenyewe akinijibu pole ndugu yangu, pole, siri yako imezikwa.

Deo alisimama akachukua funguo zake. Mlangoni aligeuka akaniambia, "Ulinipa mwenyewe." Hayo ndiyo maneno ya mwisho kati yetu. Alihama Sydney, nasikia yuko jimbo jingine na bado anahubiri. Hajaomba radhi, si kwangu, si kwa Mapendo, si kwa mzee wa watu aliyekatwa mguu.

Msidhani basi kwamba na mimi nilipokewa kama yeye. Yule mama aliyesema sisi tunakupokea hakuyasema mara ya pili. Wawili waliacha kuja kwenye kikundi kwa sababu yangu. Wengine wananisalimia kwa kichwa tu. Walikuwa wamempenda askari aliyerudi. Askari asiyerudi ni mtu mwingine, nami siwalaumu.

Zawadi alirudi chumbani kwetu. Tunazungumza sasa kuliko zamani, lakini kuna mahali akifika ananyamaza, na najua anafikiria Deo. Grace nilimweleza mwenyewe kwa nini nilijificha bafuni. Alinijibu kwa Kiswahili, kibovu, lakini Kiswahili. Alisema, "Ningekujua mapema, Baba."

Miezi minne ilipita kabla Mapendo hajanipigia. Hakusema amenisamehe. Alisema anataka nimweleze habari za mama yake, zote, hata mbaya, kwa sababu mimi ndiye mtu mzima wa mwisho aliyemwona. Sasa kila akipata siku ya mapumziko ninakwenda Villawood na Zawadi. Mimi nasema, yeye anaandika kwenye daftari. Kilemba chake kilikuwa rangi gani. Alilala upande gani. Mara nyingine tunampigia mjomba, naye anauliza mambo ya njia na mto. Siku ya kwanza niliyomwomba radhi aliniuliza kama mimi nina miguu yote miwili. Nikamwambia ninayo. Akasema, "Basi siku moja utakwenda wewe." Nimemwambia nitakwenda. Sikuapa. Lakini nimeanza kutafuta likizo.

Ndugu wasomaji, sitawaambia msiwaamini marafiki. Deo nilimwamini kwa sababu alistahili kuaminiwa wakati ule. Ninachowaomba ni hiki: kama kuna jambo linalokuuma, mtafute kwanza mwenye haki ya kulisikia. Mke wako kama yupo. Mtoto wako akishakua. Uliyemkosea kama bado anapumua. Waambieni ninyi wenyewe, kwa mdomo wenu, pamoja na sehemu ile inayowaaibisha, kwa sababu sehemu hiyo ndiyo mwizi anayoifuta kwanza. Na ukisikia uongo unasemwa juu ya jambo ulilolishuhudia, usingoje kesho. Mimi nilingoja, na mtu mwingine akalipa kwa mguu wake.

Wiki iliyopita Mapendo aliniuliza kama mama yake alimpungia mkono wakati tunaondoka kambini. Nilimwona anavyotaka nimjibu. Ingekuwa rahisi sana kusema ndiyo... Nilimwambia sijui. Nilikuwa nimemshika yeye mkono, natembea haraka, na sikugeuka nyuma.

Akaliandika hilo pia.